Kupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa njia za asili na mtindo wa maisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tumekusanya maswali ambayo akina mama na mabinti huuliza zaidi kuhusu kujikinga na saratani ya matiti kwa chakula, mazoezi, unyonyeshaji na mitishamba. Pale penye jambo la kufanya tumeeleza kwa urefu. Penye uvumi tumejibu kwa kifupi.

Je, ipo njia ya asili inayozuia kabisa saratani ya matiti?

Haipo. Vihatarishi vikubwa kuliko vyote ni kuwa mwanamke na kuongezeka umri, na hivyo viwili havibadilishwi na chakula wala dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi kingine zaidi ya jinsia na umri wa kupita miaka 40. Shirika hilohilo limewahi kueleza kuwa hata vihatarishi vyote vinavyobadilika vingedhibitiwa, hatari ingepungua kwa asilimia 30 hivi, si zaidi.

Asilimia hiyo si ndogo. Mwaka 2022 waligunduliwa wagonjwa wapya wapatao milioni 2.3 duniani, na karibu watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huu. Lakini ina maana mbili ambazo ni vizuri zieleweke mapema. Kwanza, anayeishi vizuri bado anaweza kuugua, kwa hiyo uchunguzi haukwepeki. Pili, aliyeugua asiulizwe "ulikula nini?" Mara nyingi hakuna alichokosea.

Nikianza na jambo moja tu, lipi lina faida kubwa?

Inategemea unaishije sasa hivi. Kama unakunywa pombe, anza na pombe. Kama hunywi lakini uzito umepanda tangu ujana na kazi yako ni ya kukaa, anza na uzito na kutembea. Kama una mtoto mchanga, endelea kunyonyesha. Hayo ndiyo yenye ushahidi mzito. Mengine yote, yakiwemo majani, unga na virutubisho vya kopo, yako mbali sana nyuma yake.

Pombe inahusianaje na matiti? Mimi nakunywa wikendi tu.

Pombe ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli. Pia hupandisha kiwango cha estrojeni, homoni inayochochea seli za ziwa kugawanyika. Hilo halitegemei aina ya kinywaji: bia, mvinyo, mbege, ulanzi na gongo zote zina kitu kilekile, ethanoli.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Utapata gramu za ethanoli. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Glasi ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina karibu gramu 16. Toti moja ya mililita 30 ya pombe kali yenye asilimia 40 ina karibu gramu 10. Pombe za kienyeji hazina lebo na ukali wake hubadilika kila pipa, kwa hiyo hazipimiki hivi, na hilo peke yake ni sababu ya kuziogopa.

Tafiti nyingi zikiunganishwa zinaonyesha kuwa kila gramu 10 kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa rudi kwenye wikendi yako: bia 3 Ijumaa na 4 Jumamosi ni gramu 140 kwa wiki, yaani wastani wa gramu 20 kwa siku. Kwa matiti, jumla ya wiki ndiyo inayohesabika, hata kama Jumatatu hadi Alhamisi hukugusa chupa.

Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa matiti. Kuacha kabisa ni bora, kupunguza nako kuna faida. Kwa wengi kinachofanya kazi ni kuamua idadi kabla ya kutoka nyumbani, kuanza na maji au soda isiyo na sukari ili kiu isikatwe kwa bia, na kukataa kuongezwa kinywaji kabla glasi haijaisha, maana hapo ndipo hesabu hupotea. Kama ulikuwa unakunywa kila siku kwa wingi, na ukiacha unatetemeka au kutokwa jasho, usiache ghafla peke yako. Nenda kituo cha afya, kwa sababu kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta degedege.

Mafuta ya mwili yana uhusiano gani na ziwa?

Kabla ya hedhi kukoma, estrojeni nyingi hutoka kwenye ovari. Baada ya hedhi kukoma, ovari hunyamaza na kazi hiyo huchukuliwa na mafuta ya mwili. Seli za mafuta zina kimeng'enya kiitwacho aromatesi kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Mafuta yakiwa mengi, estrojeni inakuwa nyingi katika umri ambao ziwa lilipaswa kupumzika.

Ndiyo maana unene huongeza hatari hasa baada ya hedhi kukoma. Kwa wasichana na wanawake vijana takwimu huonyesha kinyume kidogo, na wapo wanaolitumia hilo kama kisingizio. Tatizo ni kwamba kilo za miaka 30 ndizo anazoingia nazo mtu akiwa na miaka 50.

Ule ufuatiliaji mkubwa wa wauguzi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2006 ukiwa na wanawake zaidi ya 87,000, ulionyesha kuwa walioongezeka kilo 25 au zaidi tangu umri wa miaka 18 walikuwa na hatari kubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko ambao uzito wao haukubadilika. Waliopunguza kilo 10 au zaidi baada ya hedhi kukoma na kubaki hapo, bila kuwahi kutumia homoni za ukomo wa hedhi, hatari yao ilikuwa chini ya nusu. Kwa hiyo kama una miaka 55, hujachelewa.

Nitajuaje kama uzito wangu umezidi?

Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 78 ukigawa kwa 2.56 unapata 30.5. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopindukia.

Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Shika ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, zungusha futi katikati yake, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo, soma. Kwa mwanamke, sentimita 80 ndipo tahadhari inapoanza. Wengi hukosea kwa kupima juu ya nguo au mahali mkanda wa sketi unapokaa.

Nipunguze nini kwenye chakula bila kuanza lishe ya gharama?

Anza na vitu viwili ambavyo havishibishi na havionekani kwenye sahani: mafuta na sukari.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Familia ya watu watano inayomaliza lita moja kwa wiki, kila mtu anapata karibu kilokalori 240 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake, kabla ya ugali, wali au maandazi. Tatizo ni kumimina kutoka kwenye dumu. Tumia kijiko. Vijiko vikubwa viwili vinatosha kuunga sufuria ya mchicha au maharage ya watu wanne. Kitunguu kikikauka kabla hakijaiva, ongeza maji kidogo badala ya mafuta.

Kwenye sukari, hesabu vijiko vya chai. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 au zaidi kidogo. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kukumalizia kiasi hicho cha 25 na kupita. Punguza kijiko nusu kila wiki. Ulimi huzoea, lakini ukikata yote siku moja utarudia siku ya nne.

Halafu sahani yenyewe: nusu iwe mboga za majani na matunda, robo ugali, wali, viazi au ndizi, na robo maharage, dagaa, samaki, kuku au mayai. Kwenye sahani nyingi za kwetu ugali unachukua zaidi ya nusu na mboga imewekwa pembeni kama kitoweo tu. Kugeuza uwiano huo ndiyo kazi yenyewe. Mwenye kilo 78 akipunguza asilimia 5, yaani karibu kilo 4, kwa miezi mitatu hadi sita, amefanya vizuri. Lishe za kushusha kilo 10 kwa wiki mbili hutoa maji na misuli, kisha uzito hurudi.

Kuna vyakula maalumu vya kuzuia saratani ya matiti?

Hakuna kimoja. Mlo wenye mboga, matunda, kunde na nafaka isiyokobolewa unahusishwa na hatari iliyo chini kidogo, na nyuzinyuzi zinaonekana kuwa na mchango wake. Lenga gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, ambazo ni kama mafungu matano ya gramu 80. Viazi, mihogo na ndizi za kupika hazihesabiki humo.

Dona, mtama, ulezi, maharage, choroko, kunde na mbaazi ni vya bei nafuu na vina nyuzinyuzi nyingi kuliko unga wa sembe na mkate mweupe. Nyama nyekundu ihesabu kwa ajili ya utumbo zaidi kuliko matiti: mashirika ya utafiti wa saratani yanashauri isizidi gramu 350 hadi 500 iliyopikwa kwa wiki.

Soya ina homoni za kike. Niache unga wa lishe wenye soya?

Usiache kwa sababu hiyo. Soya ina isoflavoni, ambazo zinafanana kidogo na estrojeni lakini nguvu yake ni ndogo sana. Tafiti za watu wanaokula soya kama chakula, hasa China na Japani, hazikuonyesha kuongezeka kwa saratani ya matiti. Nyingine zilionyesha kupungua. Tahadhari ni kwenye vidonge vya isoflavoni vilivyokolezwa. Hivyo si chakula.

Sukari "inalisha" saratani?

Kila seli ya mwili hutumia glukosi, za saratani zikiwemo. Kuacha sukari hakuziui kwa njaa, kwa kuwa ini hutengeneza glukosi hata usipokula. Sukari nyingi inadhuru kwa kupitia unene. Mgonjwa anayetibiwa asinyimwe uji na matunda kwa hofu hii, kwa kuwa kukonda katikati ya matibabu kunamdhoofisha.

Mazoezi kiasi gani, na yafanywe vipi na mtu asiye na muda wala gym?

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Wanawake wanaojishughulisha zaidi wana hatari pungufu kwa asilimia 10 hadi 20 wakilinganishwa na wasiojishughulisha, na faida hiyo huonekana hata kwa ambao uzito haukushuka, kwa kuwa mazoezi hupunguza pia insulini na estrojeni inayozunguka kwenye damu.

Kipimo cha mwendo wa wastani ni mazungumzo: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwenda sokoni taratibu ukisalimiana na kila mtu haifikii. Kutembea kwa haraka dakika 30 siku tano inafikia. Kulima kwa jembe, kuchota maji ya kisima kwa umbali na kucheza ngoma bila kupumzika vinahesabika.

Kwa aliyekaa miaka mingi bila mazoezi: wiki mbili za kwanza, dakika 10 kila siku. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 15. Kisha ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 30. Wengi huacha kwa sababu walianza na saa nzima Jumatatu na magoti yakauma Jumatano. Ukishuka kwenye daladala au matatu vituo viwili kabla ya chako, mara nyingi umepata dakika 15 kila upande.

Kwa nguvu, keti kitini na usimame bila kushika popote mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Inua madumu mawili ya lita 5, ambayo ni kilo 5 kila moja, mara 10 hadi usawa wa kiuno, mgongo ukiwa umenyooka. Mshonaji, mwenye duka na anayekaa ofisini wasimame dakika chache kila saa.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi isiyo ya kawaida, simama na uende hospitali. Mwenye presha isiyotulia aongee na daktari kabla ya kuanza mazoezi makali.

Ni kweli kunyonyesha kunakinga?

Ni kweli. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliounganisha tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi hupunguza kwa asilimia 7 juu ya hapo. Miezi hiyo hujumlishwa kwa watoto wote. Mama aliyenyonyesha watoto watatu, kila mmoja miaka miwili, ana miaka sita, na kwa hesabu hiyo hatari imepungua kwa takriban asilimia 23.

Kwa wanawake wenye asili ya Afrika jambo hili lina uzito wa pekee. Kunyonyesha kunahusishwa pia na kupungua kwa ile aina isiyoitikia dawa za homoni wala zinazolenga HER2 (protini inayochochea seli kukua), ambayo ni kali, na ambayo huwapata wanawake weusi mara nyingi zaidi na wakiwa vijana zaidi.

Miezi sita ya mwanzo mpe mtoto maziwa ya mama peke yake, kisha endelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kinachokatisha wengi ni kurudi kazini. Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kenya, sheria ya afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Peleka ombi kwa maandishi kabla likizo haijaisha, ili lisiwe la mdomo kwa mdomo.

Ukikamua, nawa mikono kwa sabuni na utumie chombo chenye mfuniko kilichochemshwa. Maziwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa joto hupita hapo, kwa hiyo yaweke mara moja kwenye kipoozeo chenye barafu, ambamo hukaa hadi saa 24, au kwenye friji hadi siku 4. Yapashe kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe jikoni. Aliyekunywa nusu, nusu iliyobaki isihifadhiwe kwa siku ya pili.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha kwa kufuata mwongozo wa kliniki. Na aliyeshindwa kunyonyesha kwa sababu yoyote ile asijilaumu. Pombe, uzito na mazoezi bado viko mikononi mwake.

Vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vinaleta saratani?

Vile vyenye homoni huongeza hatari kidogo wakati vinatumika, kisha hatari hupungua baada ya kuacha. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2017, uliofuatilia wanawake takriban milioni 1.8, ulipata ongezeko la asilimia 20. Asilimia hiyo inatisha hadi uitazame kwa idadi ya watu: ni wagonjwa 13 zaidi kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, na kwa walio chini ya miaka 35 ni 2 tu. Upande wa pili, vidonge vyenye homoni mbili hupunguza saratani ya ovari na ya mji wa mimba, na mimba isiyotarajiwa ina hatari zake.

Kwa wengi, faida inazidi. Mwenye historia nzito ya saratani ya matiti katika ukoo aulize kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asitumie njia za homoni.

Na homoni za kutuliza joto la ukomo wa hedhi?

Zile zinazochanganya estrojeni na projestojeni huongeza hatari, zaidi kadiri miaka ya kuzitumia inavyoongezeka. Zikihitajika, zitumike kwa muda mfupi na kwa kufuatiliwa na daktari. Usinunue krimu za "homoni asilia" bila daktari: homoni ni homoni hata ikitoka kwenye kiazi.

Mlonge, mwarobaini, habasoda, manjano na mstafeli: vipi kuhusu hivi?

Baadhi ya kemikali za mimea hii zimeua seli za saratani kwenye sahani za maabara. Siki na chumvi nazo huua seli kwenye sahani. Kutoka hapo hadi kuzuia ugonjwa kwa binadamu ni safari ndefu, na hakuna hata mmoja kati ya mimea hii uliothibitishwa kuzuia saratani ya matiti kwa watu.

Majani ya mlonge ni mboga nzuri. Yale kama mboga. Manjano na habasoda viweke kwenye mchuzi. Mstafeli ni tofauti. Tunda likiliwa kwa kiasi ni sawa, lakini chai ya majani kila siku, au unga wake, ina annonasini, sumu ya neva. Kisiwani Guadeloupe, kwenye Karibi, ulaji wa muda mrefu wa tunda na chai yake ulihusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Mwarobaini kwa wingi una madhara yake, na mjamzito asiutumie kabisa.

Madhara makubwa tunayoyaona, hata hivyo, hayatoki kwenye sumu. Yanatoka kwenye muda. Mama anagundua uvimbe wa sentimita 2, anapewa dozi ya miezi mitatu, halafu nyingine, na anapofika hospitali uvimbe umepasuka na tezi za kwapani zimejaa. Kama uko kwenye matibabu, mwambie daktari kila jani unalokunywa. Baadhi huingiliana na dawa kama tamoksifeni, inayozuia estrojeni kuchochea saratani ya matiti.

Vidonge vya vitamini je?

Havikingi. Jaribio la vitamini D la Marekani lililotangazwa mwaka 2018, lenye washiriki 25,871 waliopewa uniti 2,000 kwa siku au kidonge kisicho na dawa, halikuonyesha kupungua kwa saratani mpya. Beta-karotini ya vidonge iliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Pesa ya kopo moja inanunua mafungu mengi ya mchicha na machungwa.

Sidiria, diodoranti, simu kifuani, kukamuliwa matiti: vinaleta saratani?

Hakuna ushahidi kwamba vinaleta. Utafiti wa Seattle wa mwaka 2014 uliangalia sidiria, zikiwemo zenye waya na zinazovaliwa kutwa nzima, na haukupata uhusiano. Kuumia ziwa hakuleti saratani. Mara nyingi ajali humfanya mtu aguse ziwa na kugundua uvimbe uliokuwepo tangu mwanzo.

Rangi na dawa za nywele?

Hapa kuna sababu ya kujihadhari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, wenye wanawake 46,709 ambao dada zao waliwahi kuugua, ulihusisha rangi za kudumu na ongezeko la asilimia 45 kwa wanawake weusi na asilimia 7 kwa weupe. Dawa za kunyoosha nywele zilihusishwa na asilimia 18. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kuwa rangi ndiyo chanzo, ila kuacha hakugharimu afya. Punguza idadi ya mara kwa mwaka, vaa glavu, na msusi afungue madirisha. Hina halisi ya majani ni bora kuliko piko, ambalo lina kemikali inayounguza ngozi za wengi.

Nafanya kazi za usiku. Niache?

Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la "huenda inasababisha saratani kwa binadamu". Muuguzi au mlinzi hawezi kuacha kazi kwa sababu hiyo. Omba zamu zisizobadilika kila siku mbili, lala kwenye chumba chenye giza, na usile mlo mkubwa saa nane usiku.

Mama yangu na mdogo wake waliugua. Mtindo wa maisha unanisaidia?

Unasaidia, lakini hautoshi. Asilimia 5 hadi 10 ya saratani za matiti hutokana na jeni iliyorithiwa, hasa BRCA1 na BRCA2. Mwenye jeni hiyo akiwa na kasoro ana uwezekano mkubwa wa kuugua maishani, kwa makadirio mengi zaidi ya nusu, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Hurithiwa pia kwa upande wa baba, jambo ambalo hata wahudumu husahau kuuliza.

Ongea na daktari bingwa kama ndugu wawili wa karibu wameugua, kama kuna aliyeugua kabla ya miaka 45, kama kuna saratani ya ovari kwenye ukoo, au kama kuna mwanamume aliyeugua ziwa. Andika majina ya ndugu, aina ya saratani na umri walipogunduliwa kabla ya kwenda. Zipo dawa za kupunguza hatari na upasuaji wa kinga, na uchunguzi huanza mapema zaidi.

Nijichunguze vipi, na lini?

Siku ya 7 hadi 10 tangu hedhi ianze, ziwa likiwa laini. Kama hedhi imekoma, chagua tarehe moja ya mwezi. Simama mbele ya kioo kifua wazi: mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni ukikaza. Tazama umbo, ngozi iliyovutwa au yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka ndani hivi karibuni, kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona.

Kisha lala chali, mto chini ya bega. Tumia nyama ya vidole vitatu vya katikati, si ncha, zungusha duara ndogo kwa mkandamizo mwepesi, wa kati, kisha mzito, kutoka mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo, hadi chini ya ziwa, na kutoka kwapani hadi katikati ya kifua. Usiminye ziwa kwa kidole gumba na cha shahada: ukifanya hivyo kila tezi utaiona uvimbe.

Jaribio la Shanghai lenye wanawake wapatao 266,000 lilionyesha kuwa kufundishwa ratiba hii hakukupunguza vifo. Lengo basi ni kulijua ziwa lako ili badiliko likushtue. Kujichunguza hakuchukui nafasi ya mhudumu wala mamografia, yaani picha ya eksirei ya ziwa. Kuanzia miaka 40 muulize daktari kuhusu mamografia. Chini ya hapo ziwa huwa zito na ultrasaundi huonyesha vizuri zaidi.

Nimeona uvimbe lakini hauumi. Nisubiri?

Usisubiri. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi, na hilo halihusu wanawake tu: wanaume nao huugua, ingawa ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa. Nenda kituo cha afya ndani ya wiki hiyo. Ukiambiwa "ni maziwa tu" au "ni tezi" bila kipimo, omba rufaa ya ultrasaundi na biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe kwa sindano. Sindano hiyo haisambazi saratani. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu ufike kituoni mara ya kwanza.

Kwa Tanzania, rufaa huishia Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi; kwa Kenya, Kenyatta jijini Nairobi na hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret; kwa Uganda, taasisi ya saratani iliyoko Mulago; kwa Rwanda, hospitali ya Butaro. Majibu ya patholojia, yaani ya kipande hicho cha uvimbe, yatakuja na maandishi ya ER (kipokezi cha estrojeni), PR (kipokezi cha projesteroni) na HER2. Hayo ndiyo yanayoamua dawa, kwa hiyo omba nakala, piga picha kwa simu, na uende nayo kila unapohamishwa hospitali.